Damu ya Mezani na Damu ya Njiani

Katekista wetu alikuwa na kovu, na kovu hilo lilinitia hofu kabla sijajua kama nina jiwe la figo. Lilianzia mgongoni, chini ya mbavu za kushoto, likazunguka ubavu kama mkanda uliolegea, likaishia karibu na kitovu. Alimwonyesha kila aliyelalamika maumivu ya aina yoyote. Mtu akisema jino linamuuma, Katekista anapandisha shati. Nimemwona akilipandisha msibani, nimemwona akilipandisha kwenye foleni ya maji, na Jumapili moja alilipandisha nyuma ya kanisa la Nyakisasa wakati padri hajamaliza kuvua mavazi.

"Tazama," anasema. "Hapa ndipo walipoingilia. Mkono wa daktari uliingia hapa. Mkono, siyo kidole."

Kisha anashusha shati na kukuuliza kama mtoto wako umemwandikisha mafundisho ya komunyo.

Mtu mwenye kovu la namna hiyo ungedhani haogopi damu. Aliogopa kuliko sisi wote. Hakuweza kuchinja hata kuku. Mgeni akifika kwake, jogoo alipelekwa kwa jirani akiwa hai na kurudi amenyonyolewa. Krismasi, mbuzi wa jumuiya alipofungwa kamba, Katekista alikumbuka kwamba ana migomba ya kuegemeza miti, na hakuonekana tena mpaka harufu ya nyama ilipomfikia. Wembe hakuushika, ndevu zake alizikata kwa mkasi, ndiyo maana alikuwa siku zote na vishina vya ndevu kama mtu aliyetoka kuamka. Lakini Ijumaa Kuu alisimama mbele yetu akaizungumzia damu kwa saa nzima bila kupepesa macho, na wanawake walilia.

Tulimwita Katekista tu. Mke wake, alipokuwa hai, naye alimwita hivyohivyo. Mambo ya ukoo wake sitaandika, na yeye asingetaka. Alikuwa akisema kwamba hapa Ngara ukianza kuuliza babu wa mtu alitoka wapi, unaweza kujikuta umebaki peke yako kijijini. Babu yangu mwenyewe alivuka mto na mbuzi mmoja, zamani, kabla watu hawajajua neno kambi. Mama mkwe hunikumbusha nikikosea chumvi.

Kazi aliyojulikana nayo Katekista, ukiacha kufundisha watoto Baba Yetu, ilikuwa kutafuta damu. Hakuna aliyemtuma. Hospitali ikisema mgonjwa anahitaji damu na ndugu zake wamekimbia, ujumbe unamfikia. Anapanda baiskeli yake isiyo na breki, anapita nyumba kwa nyumba. Haombi kwa unyenyekevu. Anasimama uani anauliza kama mtu anayeomba moto wa kuwashia jiko.

"Hodi. Shikamooni wakubwa. Nani hapa ana damu?"

Watu walimwogopa. Wengine waliamini ukitolewa damu nguvu za kulima hazirudi. Wengine waliogopa ile damu kupimwa, maana ikipimwa inasema mambo ya ndani ya nyumba. Nilimwona mwanaume mzima akiruka uzio wa nyuma kwa sababu amesikia kengele ya ile baiskeli. Katekista alikaa akamsubiri, akanywa chai ya mke wa huyo bwana, akala na viazi vyake, na yule mwanaume aliporudi jioni alimkuta bado yuko pale anawafundisha watoto wimbo. Kesho yake alikwenda akatoa.

Sasa hapa ndipo alipogombana na padri. Wazee wetu, kabla ya dini, walikuwa na desturi ya kunywana. Watu wawili wanachanjwa karibu na kitovu, tone la damu la kila mmoja linaingia kwenye pombe ya ndizi, wanakunywa, na kuanzia hapo huwezi kumnyima mwenzio chakula, wala kumfungia mlango, wala kumtolea ushahidi wa kumwangamiza. Ukivunja, tumbo linavimba unakufa. Kanisa lilikataza. Katekista naye alikataza, kwa sauti kubwa, mimbarani. Lakini kila alipompatia mgonjwa damu, mgonjwa akipona, Katekista anafika kwake: pika maharage na ndizi, mpelekee aliyekutolea, mle sahani moja. Tangu leo huyo hupaswi kumnyima.

Padri aliposikia akamwita. Mlango ulikuwa wazi na sisi wa kwaya tulikuwa tunafagia, tukasikia.

"Katekista, unawarudisha watu kwenye upagani."

"Baba, mimi sijamchanja mtu. Sindano ni ya serikali."

"Na hayo maharage?"

"Maharage ni ya Mungu."

Padri akakohoa, tukajua anacheka, na habari ikaishia pale.

Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kutoa damu. Hilo lilisemwa kila mahali, kwenye pombe na kwenye mazishi. Anakamua watu wote wa kata, yeye hata tone. Mama mkwe wangu, ambaye haogopi kitu, alimwambia usoni: "Katekista, hiyo damu yako unaiwekea chumvi?"

Akamjibu, "Ina mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa mkimbizi. Hii tuliijua wote na wengi hatukuipenda. Wakati wa wale wa kwanza, walipoingia kwa maelfu mpaka vilima vikawa vyeupe kwa maturubai, Katekista alizidiwa na jiwe lake la figo akakimbizwa kwenye hospitali ya kambini, kwa sababu kule ndiko kulikuwa na madaktari wa kigeni. Walimpasua. Damu ilimwagika sana, na ndugu zake walikuwa mbali. Fundi baiskeli mmoja wa kambini, aliyekuwa pale kumwuguza mtoto wake, akakunja shati. Katekista alipopona alipeleka maharage. Akaendelea kupeleka, kila baada ya ibada, sufuria imefungwa kwenye keria. Sisi wakati huo tulikuwa tunakwenda mbali kutafuta kuni kwa sababu miti yetu imekwisha, ndizi zetu zinakatwa shambani, na kila jambazi alikuwa mkimbizi, hata yule tuliyemjua kwa jina la babu yake. Watu walimtukana Katekista njiani. Akawaitikia kama wamemsalimia. Halafu siku wale wa kwanza walipoondolewa, barabara ikajaa watu wenye mizigo kichwani, yeye alikwenda na sufuria yake akarudi nayo imejaa. Hakumwona. Tangu hapo aliitunza damu yake. Alisema siku yule fundi atakapoihitaji, ataletwa mtu kuja kuuliza, naye hataki mtu huyo akute ameshaitoa kwa mwingine.

Ujinga. Nilimwambia hivyo baadaye, na sikuona haya.

Maana jiwe langu lilikuja. Nilikuwa nimejifungua Neema, mtoto wa kwanza, na nilidhani ni maumivu ya uzazi yamepotea njia. Yalikuwa yanashuka kutoka mgongoni mpaka kwenye kinena, nikauma kanga mpaka ikatoboka. Mume wangu akanipeleka Biharamulo, hospitali ya pale mjini. Wakapiga eksirei. Daktari akaiweka kwenye mwanga, akanionyesha kitu cheupe ndani ya figo, kina pembe, kama kipande cha tangawizi. Akasema hakitoki kwa kunywa maji, na kikikaa kitaua figo.

Nimesoma mpaka kidato cha nne. Najua figo ni nini, niliichora na kuipaka rangi. Kwa hiyo niliuliza maswali, na yule daktari, namshukuru, alijibu kama mtu anayeongea na mtu.

"Njia ni mbili," alisema. "Hapa kwetu tunaweza kukupasua ubavuni, tukafungua figo, tukatoa jiwe. Au uende Mwanza. Kuna madaktari wageni wamekuja na mashine. Wanatoboa tundu mgongoni, dogo kama kidole, wanapitisha mrija, wanalivunja jiwe humohumo na kulitoa vipande."

"Ipi inamwaga damu zaidi?"

"Kupasua, kwa kawaida. Unakata ngozi, unakata misuli, unafungua figo yenyewe. Lakini damu hiyo naiona. Mshipa ukiruka naushika na koleo, naufunga."

"Na tundu?"

"Kwa wengi, damu kidogo. Maumivu kidogo, unarudi kwa mtoto mapema. Ila tundu linapita katikati ya nyama ya figo, na figo ni kitu kilichojaa damu. Kuna wachache ambao mshipa unajeruhiwa bila kuonekana. Unatulia. Halafu unapasuka baadaye."

"Baadaye lini?"

"Wiki ya kwanza, ya pili. Hata ya tatu."

"Nikiwa wapi?"

"Popote utakapokuwa," akasema. "Ndiyo maana nakwambia mapema."

Nilirudi Nyakisasa na maneno hayo. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa nakuwa mkali; nilimfokea mume wangu, nilimfokea mbuzi. Katekista akaja jioni ileile. Shikamoo, marahaba, shati juu.

"Wakupasue," alisema. "Hapahapa Biharamulo. Mimi watu watatupatia damu, nitawatafuta."

"Daktari anasema tundu linamwaga kidogo."

"Daktari anakaa wapi?"

"Biharamulo."

"Wewe unakaa wapi?"

Nikamhamisha Neema bega la pili.

"Ukipasuliwa," alisema, "damu inakutoka mezani, daktari amesimama hapo, taa inawaka. Ukitobolewa, damu inakusubiri mpaka uvuke pori. Wewe unarudi huku, unabeba mtoto, unasema nimepona. Halafu inaanza. Na hapo katikati yako na daktari kuna pori, na pori lina majambazi, na gari halipiti mpaka eskoti. Utamwambia damu isubiri askari?"

Nilimchukia kwa maneno yale. Nilimchukia kwa sababu sikuyapata kwenye kitabu chochote na yalikuwa kweli. Miaka ile barabara ya kwenda Biharamulo magari yalikusanyika kizuizini, yakasubiri askari wenye bunduki wapande la mbele na la nyuma, ndipo yakaingia porini kwa msafara. Ukichelewa eskoti ya asubuhi unangoja nyingine. Sote tulikuwa na mtu aliyepigwa risasi kule au aliyevuliwa nguo.

Lakini nilikuwa na mtoto mchanga kifuani. Mtu aliyepasuliwa ubavu habebi, halali upande, hanyonyeshi vizuri, na wanawake wawili niliowajua walipasuliwa kwa mambo mengine wakakaa kitandani mpaka maziwa yakakauka. Na ile damu nyingi ya mezani nayo si hadithi. Nilimwuliza Katekista: "Na wewe, kama fundi baiskeli asingekuwepo?" Akashusha shati taratibu. "Ningekufa," akasema. "Mezani. Taa inawaka."

Basi njia zote mbili zilikuwa na kifo ndani yake, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, na mimi nilitakiwa kuchagua huku nanyonyesha. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko jiwe. Nikachagua tundu. Nilisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya mama mkwe. Katekista akafanya ishara ya msalaba kama mtu anayepita kaburini.

Mwanza sina mengi. Nusu kaputi, nikaamka nina mpira mgongoni na mpira wa mkojo, mkojo mwekundu, kisha wa chai ya rangi, kisha mkojo. Mipira ikatolewa. Nikaonyeshwa vipande vya jiwe kwenye kikopo. Muuguzi akaniambia usibebe maji, usilime, usikimbie, na ukiona damu yenye mabonge usisubiri. Nikapanda basi na mtoto wangu, mama yangu akimshika. Niliporudi Nyakisasa nilitembea mwenyewe kutoka barabarani mpaka nyumbani, na nilipitia kwa Katekista makusudi, ili anione.

"Shikamoo Katekista. Tundu ni hili hapa," nikamwambia, nikamgeuzia mgongo juu ya kanga.

"Marahaba mwanangu," akasema. Akalitazama lile tundu kwa mbali, akafumba macho. "Endelea kuogopa."

Nilimwona mchawi.

Alikuwa na tabia nyingine ambayo nimeiacha mpaka hapa. Alikuwa na haya kupita kiasi mbele ya wanawake. Mama akinyonyesha kanisani, Katekista anafundisha huku ameigeukia sanamu ya Yosefu. Neno ziwa hakulitamka. Alisema "chakula cha mtoto". Mimba aliita "safari". Wasichana wa komunyo tulimcheka mpaka tukatolewa nje.

Sasa, damu ilianza nikiwa napepeta maharage. Nilikwenda chooni nikaona nyekundu. Nikamwambia mama mkwe, naye hakushtuka. "Ni siku zako," alisema. "Mtoto amevuka arobaini. Ndiyo wakati wake kurudi." Nikaona ni kweli, kwa sababu nilitaka iwe kweli. Nikavaa kitambaa. Baada ya kulala kidogo nikaenda tena, ikawa nyingi, na kitu kama ini kikatoka kwa maumivu. Mama mkwe akasema za kwanza baada ya uzazi huwa hivyo, hata yeye. Nikakaa uani, jua linawaka na mimi nasikia baridi.

Katekista alikuwa anapita na baiskeli. Aliniona uso akashuka. Mama mkwe akamwambia hakuna kitu, ni mambo ya wanawake, apite. Ungetegemea akimbie. Alisimama, akashika usukani kwa mikono miwili, akatazama chini, akauliza kwa sauti ambayo hata watoto wa jirani waliisikia:

"Inatoka njia ya mtoto au njia ya mkojo?"

Mama mkwe akaangusha ungo. "Katekista, una wazimu? Mbele ya mkamwana wangu?"

"Nimeuliza. Njia ipi?"

Sikuwa nimejiuliza. Mimi na kidato cha nne changu, na ile figo niliyoipaka rangi. Nikakumbuka maumivu ya kile kibonge kikipita, pale kilipopitia.

"Ya mkojo," nikasema.

Akageuza baiskeli.

Alirudi na pikapu ya misheni. Nililazwa nyuma juu ya godoro, mama mkwe akiwa na Neema, mume wangu akipanda akiwa na matope ya shambani, na Katekista ameshika chuma cha pembeni, ameufunga mdomo. Kizuizini tukakuta eskoti imeondoka. Dereva akaomba, mume wangu akaomba, askari akasema mtu haingii porini peke yake, mlikuwa wapi. Ile nyekundu ilikuwa imelowesha godoro. Katekista, mtu asiyeweza kuona jogoo akichinjwa, akashuka, akashika ncha ya ile kanga yangu iliyolowa, akaiinua mbele ya askari.

"Soma hii," akamwambia.

Yeye mwenyewe alikuwa amefumba macho. Askari aliitazama. Akaita mwenzake, wakapanda wawili na bunduki zao, tukaingia. Nilitazama miti ikipita juu na nilijua kila alichokisema kimetokea kama alivyokisema, na nilikuwa na hasira naye kana kwamba ndiye aliyekitengeneza. Mara moja tu aliinama sikioni. Nilidhani atasema nilikwambia. Akasema, "Usilale."

Biharamulo daktari ni yuleyule. Akanitia mpira wa mkojo, akawa anasukuma maji ndani kusafisha mabonge, dripu mkono huu na mkono huu. Akasema nilale kabisa, nisiinuke, mara nyingi mshipa huu hujifunga. Usipojifunga, nitafungua. Niliuliza utafungua nini. Akasema ubavu, na huenda figo itatoka yote. Basi ile meza niliyoikimbia ilikuwa imenisubiri upande wa pili wa pori.

Na damu ilitakiwa sasa. Mume wangu akapimwa, kundi si langu. Mama mkwe akapimwa, siyo. Nilikuwa kitandani karibu na mlango, maabara iko mkabala, nikasikia kila kitu.

"Mimi ni kundi lake," Katekista alisema. "Nilipimwa kambini, naijua. Toa."

Nikafumbua macho. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kutolea damu, mkono wa shati umekunjwa mpaka begani, amegeuza uso ukutani. Ile damu yenye mwenyewe.

Mtu wa maabara alimpima presha, akapima tena. "Mzee una miaka mingapi?"

"Ya kutosha."

"Ndiyo, ya kutosha na kuzidi. Na presha hii. Mzee, wewe hatuwezi kukutoa."

"Nimeitunza."

"Naona. Lakini umeitunza mno."

Hakubishana. Alibaki pale kwenye kiti, mkono umekunjwa, kama mtu aliyefika sokoni watu wakiwa wanafunga. Mtu wa maabara akafungua friji, akatoa mfuko, akautazama, akampa muuguzi. Ulikuwepo mmoja wa kundi langu. Ukatundikwa. Nikaona ile nyekundu ya mtu mwingine ikishuka kwenye mrija, na kitu cha kwanza nilichokisikia baada ya hapo ni Katekista.

"Ni ya nani?"

"Haina jina, mzee. Ina kundi na namba."

"Lakini kuna mtu aliitoa."

"Alitoa mtu. Anaweza kuwa wa hapa mjini, abiria wa basi, mkimbizi, askari. Hatusemi."

"Sasa maharage atampelekea nani?"

Yule mtu wa maabara akadhani mzee amechanganyikiwa kwa njaa, akamwonyesha mahali wanapouza chai.

Mshipa ulijifunga. Daktari alisema hakuna anayejua kama ningepasuliwa tangu mwanzo ingekuwaje. Huenda ningemwaga zaidi siku ileile, huenda nisingemwaga tena. Nilimwambia hilo si jibu. Akasema ndilo alilonalo. Mkojo ukarudi rangi ya chai, ukarudi mkojo, nikakaa, nikanyonyesha. Figo ninayo.

Niliporudi nilikwenda kwa Katekista nikamwambia yale ya ujinga. Kwamba angetoa damu yake miaka yote ile angewaokoa watu, kwamba fundi baiskeli hakuwahi kurudi na hatarudi. Alisikiliza yote. Hakupandisha shati. Akasema tu, "Wangu nilimjua, ndiyo maana nikawanyima wengine. Wewe wako humjui. Utamnyima nani?"

Niliondoka bila kuaga.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa Kanazi, nyumbani kwa mama, wakati wakimbizi wa Burundi wanarudishwa na kambi inafungwa. Malori yalipita barabarani kwetu kwenda mpakani, moja baada ya jingine, watu juu ya magunia, mabati yamefungwa, baiskeli zimening'inizwa ubavuni. Majirani walisimama kutazama. Wengine walisema afadhali, kuni zitaota tena. Mimi pia nilisema.

Katekista alishuka kwenye gari la parokia, amekonda, anatembea na fimbo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umepika?"

"Nimpikie nani?"

"Mwenye damu yako. Nani amekwambia hayumo humo?"

"Na kama hayumo?"

"Basi atakuwa huku tunakobaki. Leo anza na wanaoondoka."

Nikamwambia nina kazi. Mama yangu, msaliti, akatoka na sufuria ya viazi vitamu vilivyochemshwa kwa chakula cha mchana. Katekista akasema maharage yangefaa zaidi lakini yatamwagika. Tukavifunga kwenye majani ya mgomba. Pale kwenye kona malori yanapunguza mwendo. Nikasimama na Neema mgongoni, uso umenikunjamana, nikawa nanyoosha vifurushi juu na mikono inavichukua. Katekista hakutazama watu. Alikuwa anatazama baiskeli.

Mwanamke mmoja, kijana kama mimi, mtoto mapajani, alipokea cha kwake akaniuliza, "Unanijua?"

"Sikujui," nikasema. "Chukua."

Alinitazama. Akafungua jani, akakivunja kile kiazi katikati, akala kipande mbele yangu, na kile kingine akakinyoosha chini kwangu. Lori lilikuwa limeanza kushika kasi. Alikuwa anajua. Mtu wa ng'ambo, anajua ya sahani moja kuliko sisi.

"Usikimbie," Katekista akaita. "Wewe, usikimbie, ubavu wako."

Nilikimbia. Nilikipata kwa ncha za vidole, vumbi likanifunika mimi na mtoto, na niliposimama nilishika kiuno nikasubiri kitu cha moto kishuke, kama ninavyosubiri mpaka leo kila nikinyanyua ndoo.

Alinifikia kwa fimbo yake, anahema, ameweka mkono juu ya kovu lake kana kwamba ndilo lililokimbia.

"Inavuja?"

"Haivuji."

"Una uhakika?"

"Katekista, niache nile."

Kilikuwa kimepoa na kina vumbi. Nikampa Neema kidogo, kilichobaki nikala nimesimama palepale barabarani, na yeye akageukia migomba, kama anavyofanya mama akinyonyesha, mpaka nilipomaliza.